Mashine Zilizovishwa Nguo

Mtoto wa marehemu mdogo wangu tunamwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla meno hayajamjaa kinywani na hajanyamaza mpaka leo. Baba yake alikuwa akisema mtoto huyu ama atakuwa wakili, ama atawauzia samaki maji. Maji hakuuza. Anauza vifaa vya hospitali: vya kupimia presha, vya kufyonza makohozi, na hasa mashine za oksijeni, zile zinazovuta hewa ya chumbani, zikaichuja, kisha zikampelekea mgonjwa hewa yenye nguvu kwa mrija wa puani. Nimeishi naye tangu nifiwe na mume. Chumba changu kimepakana na chake na ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo ninayoyaandika hapa sikusimuliwa na mtu.

Watu wakimwona na mkoba wake begani na ulimi wake usiochoka hudhani ni mwanamke jasiri. Si jasiri hata kidogo. Chiriku ni mwoga wa kweli. Kabla ya kuingia ofisi ya mganga mkuu yeyote hupitia kwanza chooni. Huniambia mwenyewe, "Mama mkubwa, vyoo vya hospitali zote navijua kuliko wanaovifagia." Mimi hucheka, ila najua woga ule ulikotoka.

Ulitoka wodini, siku alipokufa mama yake. Mdogo wangu alikufa akitafuta hewa, mimi nimemshika miguu na Chiriku amemshika kichwa. Baada ya mazishi ndipo mhudumu mmoja alipotunong'oneza kuwa stoo ya wodi ileile ilikuwa na mashine ya oksijeni, mpya, imo ndani ya boksi, hata kamba hazijakatwa. Aliyeiuza aliishusha, ikapokelewa, akaenda zake. Hakumfundisha mtu kuiwasha, na wauguzi waliogopa kuigusa wasije wakaiharibu.

Wakati huo Chiriku alikuwa msichana wa dukani, anauza mafuta ya nywele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa uani kwetu akaniuliza, "Huyo aliyeiuza, usiku anapata usingizi?"

"Anapata, mwanangu. Hajui."

"Basi mimi nitajua," akasema.

Haukupita muda mrefu akaomba kazi katika kampuni ya vifaa vya hospitali. Walimwuliza kwa nini anaitaka. Akawaeleza habari za mama yake na lile boksi. Mzee mmoja kati ya waliomhoji akamwambia hapa tunatafuta mtu wa kuuza, binti, si mtu wa kuhurumia. Chiriku akajibu kuwa asiyehurumia atauza mara moja tu, na anayehurumia atapigiwa simu tena. Wakamchukua. Nadhani walichoka kumsikiliza.

Akaifanya kazi kwa namna yake, kama mzazi anayeoza binti. Mashine ikishanunuliwa haachani nayo. Huenda kuitazama huko ilikoolewa: imewekwa wapi, inalishwa umeme wa kutosha, imenenepa vumbi au la. Wauguzi wakampenda, wakawa wanamwita Mama Mkwe. Wanaume wa ofisini kwao walimdhihaki. "Mama Mkwe, binti yako kule mlimani amepata mimba?" Naye hujibu, "Amepata, na mjukuu akikua atakuja kukalia kiti chako." Akirudi nyumbani hunieleza yote hayo kwa vicheko, kisha usiku namsikia ukutani anageuka huku na huku. Aliogopa kila mashine. Aliogopa iliyolala bila kazi, akaogopa na iliyokuwa na kazi.

Sasa nije kwenye vitambaa. Wauguzi walilalamika kwamba mashine ikizimwa vumbi huiingia. Chiriku akanunua vitambaa vizuri vyeupe, akaketi kwenye cherehani jioni baada ya kazi, akashona nguo ya kila mashine aliyoiuza, pembeni ametarizi ndege mdogo wa njano. Alikuwa akisema binti haolewi uchi. Alipoikabidhi mashine alikabidhi na nguo yake, akiwaambia kwa mdomo wake: ikizimwa ifunikeni, ikiwaka ivueni, kwa sababu inapumua kama ninyi, ila yenyewe kwa ubavu.

Waliambiwa, wakaelewa. Lakini wauguzi huhamishwa. Walioambiwa wakaenda vituo vingine, wakaja wapya waliokuta mashine ina nguo nzuri. Na ninyi mnatujua. Ni nani kati yetu mwenye kitu cha thamani asiyekifunika? Redio tuliifunika, televisheni tukaifunika, makochi tumeyafunika mpaka wenyewe tumesahau rangi yake. Tena mashine ile hunguruma mchana na usiku, mgonjwa hapati usingizi. Ukiifunika, sauti inapungua. Kila mtu akaona ni jambo jema.

Asubuhi moja nilikuwa natoa mawe kwenye maharage, Chiriku anapiga pasi blauzi yake, simu ikalia. Alikuwa ni muuguzi wa hospitali moja ya mjini. Nilimsikia Chiriku akisema, "Inanuka vipi?" Kisha, "Na mgonjwa?" Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake, "Sista, ilikuwa imefunikwa?"

Hata mimi nilisikia jibu kutoka nilipokaa. "Imefunikwa vizuri kabisa na kile kitambaa chako. Huwa hatukitoi."

Alishuka akakaa sakafuni, pasi iko juu ya blauzi. Niliinuka nikaiondoa, blauzi ilikuwa imeshaungua. Akanieleza, maneno yanatoka moja moja. Mzee mmoja alikuwa anatumia mashine, wakaona anazidi kuhema. Walipoigusa ilikuwa moto kama jiko. Walimhamishia kwenye mtungi wa oksijeni na sasa hajambo. Mashine ikifungiwa hewa haizimiki mara moja, alisema. Inaendelea kunguruma, mrija unaendelea kutoa upepo, lakini upepo wenyewe hauna kitu. Na taa ya kuonya imo chini ya kitambaa.

"Mama mkubwa," akasema, "nguo hizo nimezipeleka kila mahali."

Akaanza kupiga simu. Namba alizikosea mara mbili, ikabidi niishike mimi simu, yeye aseme. Kituo kimoja baada ya kingine walipokea, wakashangaa, wakaenda kufunua. Wengine walikuwa wanacheka: "Mama Mkwe leo anamvua binti yake nguo mbele za watu." Hakucheka nao. Kikabaki kituo kimoja cha afya, kile cha mwisho wa barabara, ng'ambo ya milima. Simu ya kule haikupatikana. Ndicho alichokuwa akikiogopa tangu mwanzo, maana wiki iliyopita sista mkuu wa kituo hicho alimpigia kwa furaha kumweleza kuwa mashine yake inalea mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama mkate, na anaendelea vizuri.

Kabla hatujatoka alimpigia bosi wake. Alimweleza yote bila kuficha. Bosi akasema, "Nenda. Chukua vitambaa vyako, sema ni ukaguzi wa kawaida. Usitamke neno kosa. Ukilitamka, unalitamka kwa niaba ya kampuni nzima."

"Na mtoto je, bosi?"

"Umeambiwa kuna mtoto aliyekufa?"

"Hapana."

"Basi usimwue kwa mdomo."

Nilipanda naye gari. Sijui kuendesha wala kutengeneza kitu, ila sikuweza kumwacha aende peke yake katika hali ile. Kazi yangu ilikuwa kupiga simu ya kituo tena na tena, na kila mara yule dada wa mtandao mwenye sauti ya asali ananiambia namba haipatikani kwa sasa. Nilimchukia kama mtu ninayemjua.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba Chiriku alikuwa kimya. Mtoto huyu aliongea hadi kwenye mazishi ya mama yake. Siku hiyo alishika usukani kama mtu anayening'inia kwenye tawi, anatazama mbele, midomo imekauka. Gari lake dogo lililalamika mlimani, nami nikawa nasikia kila kilio chake na kuomba lisituangushe. Mara moja tu alisema, "Kama amekufa, mama yake nitamwambia nini?"

Nikatafuta methali, sikuipata. Mtu wa umri wangu kukosa methali ni jambo la kutisha.

Mbele tukakuta barabara inatengenezwa. Kijana mwenye bendera nyekundu amesimamisha magari, upande wa pili greda linakwenda na kurudi. Chiriku alishuka akamwendea. Nikashusha kioo nisikie.

"Kaka, kuna mtoto mgonjwa mbele, naomba nipite."

"Dada, kila anayefika hapa ana mgonjwa. Jana mbunge alisimama hapo hapo ulipo."

"Mbunge alikuwa anapumua," akasema Chiriku.

Kijana alimtazama usoni. Sijui aliona nini, maana mimi nilikuwa namwona kwa mgongo tu. Akapiga mbinja kwa mwenye greda, akashusha bendera.

Tulipoingia uani mwa kituo kulikuwa na mwanamke kwenye benchi, amejifunika uso, analia. Nikashika nguzo. Chiriku alimpita mbio bila kumtazama, nadhani hakuthubutu. Nikamwuliza, nikiwa nimeshakata tamaa, "Una nini, mwanangu?" Akaondoa mkono, shavu limevimba kama amefumbata limau zima kinywani. Alikuja kung'olewa jino. Nilimpa pole fupi kuliko zote nilizowahi kutoa maishani mwangu, nikamfuata Chiriku.

Sista mkuu alikuwa mlangoni, mwanamke mnene mwenye uso mwema, amefurahi. "Mama Mkwe, ungetuambia unakuja tungekuwekea chakula. Mtandao umekatika tangu jana, tumekuwa kama kisiwa. Ingia uone tulivyomtunza binti yako."

Akatutangulia wodini. Mashine ilikuwa pembeni, imesukumwa mpaka ukutani, imevaa nguo yake iliyofuliwa na kunyooshwa, na juu yake wameweka chombo cha maua ya plastiki. Ilikuwa inanguruma kwa chini, kama mtu anayesema akiwa ndani ya blanketi. Mrija ulitoka chini ya kitambaa ukaenda mpaka kwenye kitanda kidogo. Mtoto alikuwa hai. Lakini ngozi ya chini ya mbavu ilikuwa inazama kila anapovuta hewa, na pembeni ya mdomo kulikuwa na rangi niliyoiona siku moja tu maishani, nikiwa nimeshika miguu ya mdogo wangu.

"Tangu alfajiri amechoka," sista akasema, furaha imempungua. "Nimedhani ni maambukizi. Nimemtuma mtu wa pikipiki akaite gari la wagonjwa."

Chiriku alikivuta kitambaa. Maua yakaanguka. Kwenye mashine taa ilikuwa inawaka nyekundu, imewaka sijui tangu lini, haina wa kuitazama. Aliweka kiganja ubavuni mwa mashine akakiondoa upesi.

Sista hakuuliza. Nitamheshimu mama yule mpaka naingia kaburini. Aliitazama taa, akamtazama mtoto, akatoka na kurudi anaburuta mtungi kutoka chumba cha kujifungulia. Akaufungua, akahamisha mrija, akaanza kumsugua mtoto mgongo kwa vidole viwili, taratibu, huku anamsemesha. "Haya, bwana mkubwa. Vuta. Vuta tena. Hatujamalizana na wewe."

Tulisimama. Katika maisha yangu nimeogopa mambo mengi, njaa na magonjwa na mume wangu akichelewa kurudi. Sikuwahi kuogopa kama pale, nikitazama kifua kidogo kuliko kiganja changu. Rangi ya mdomoni ilichelewa kuondoka. Nilidhani haitaondoka.

Ndipo mama wa mtoto aliposema. Alikuwa binti mdogo, amekaa ukingoni mwa kitanda chake, na sote tulikuwa tumemsahau. "Hiyo mashine ilikuwa na nini?"

Sista alimgeukia Chiriku. Nami nikamgeukia. Nilijua maneno aliyopewa, ukaguzi wa kawaida, maneno matatu mepesi. Na mimi niseme kweli, nilitamani ayaseme, tuokote maua yetu tuondoke.

Chiriku alipiga magoti mbele ya yule binti. "Ilikuwa inakosa hewa," akasema. "Ikikosa hewa na mtoto anakosa. Imefunikwa na kitambaa, na kitambaa nimekishona mimi, nimekileta mimi. Walionisikia niliposema kisitumike ikiwaka wamehamishwa. Hawa nilipowatembelea nilikuta mashine imezimwa, imefunikwa, nikafurahi kuiona safi. Sikuwaambia. Hawana kosa."

"Wewe ndiye uliyeileta mashine?"

"Ndiyo."

"Na kitambaa?"

"Ndiyo."

Binti alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa na uchovu. "Wiki nzima ilikuwa inamwokoa, leo ikawa inamkaba. Sijui nikushukuru au nikutukane. Kaa hapo chini mpaka nijue."

Chiriku akakaa chini kwenye saruji, na kisigino kifupi cha kiatu chake kikalala upande.

Mshale wa mtungi ulikuwa unashuka. Sista alininong'oneza kuwa mtungi ule ulikuwa umebaki nusu, na gari la wagonjwa halijulikani litafika saa ngapi. Kwa hiyo ilibidi mashine ipone kabla mtungi haujaisha. Waliizima ipoe. Chiriku, akiwa bado sakafuni, alichomoa chujio la ubavuni, kipande cha sponji kilichojaa vumbi na nyuzi nyeupe za kitambaa chake mwenyewe. Akakiosha kwenye beseni. Lakini huwezi kulirudisha likiwa na maji. Nililichukua nikalibana ndani ya nguo yangu kifuani, nikalikamua, nikalipepea kwa mikono kama mtu anayefukuza nzi, huku jicho moja kwenye mshale. Chiriku alitazama mshale, sista alitazama mtoto, na yule binti alimtazama Chiriku.

Walipoiwasha taa ilikuja njano. Chiriku aliisogeza mbali na ukuta, akaketi kando akiacha ubavu wake wazi, hewa ipite. Ikabaki njano. Sista akasema polepole, "Mtungi unafika mwisho, Mama Mkwe." Chiriku akajibu kwamba tusubiri. Hata mgeni angejua kuwa hana uhakika. Njano. Nilisikia mtu anasema Mungu wangu, Mungu wangu, nikagundua ni mimi.

Ikageuka kijani.

Sista hakuharakisha. Alingoja aone haigeuki tena, ndipo akahamisha mrija. Mtoto alikunja uso, akavuta hewa, ngozi ya chini ya mbavu ikazama kidogo tu. Akavuta tena.

Chiriku alibaki pale chini mpaka jua lilipoanza kushuka. Hakuruhusiwa kuinuka, naye hakuomba. Gari la wagonjwa lilikuja, daktari aliyekuja nalo akampima mtoto, akasema kwa sasa abaki, kumsafirisha ni hatari kuliko kumwacha. Sista aliwaita wauguzi wote wa kituo na wafagiaji pia, Chiriku akawaonyesha mashine inapumulia wapi, akiwa amekaa vilevile sakafuni kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Tulipoaga, yule binti hakumshukuru wala hakumtukana. Alimwuliza, "Kesho utakuja?"

"Nitakuja."

"Njoo mapema. Kabla sijaanza kuogopa."

Njiani, tulipofika juu ya mlima ambako mtandao unashika, Chiriku alisimamisha gari akampigia bosi. Akamwambia, "Nimelitamka." Bosi akakata simu. Baadaye walimwondoa kwenye hospitali kubwa za mjini, wakazikabidhi kwa mwenzake mmoja aliyekuwa akimdhihaki. Yeye akaachiwa vituo vya mbali, huko gari linakopanda likilia. Alidhani watamfukuza, kwa hiyo alipopewa adhabu ile aliipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake tulitoka mapema, lakini lile greda lilikuwa limeziba njia nzima, na bendera safari hii haikuwa na la kufanya. Tulifika jua limeshakuwa kali. Mbio za kutoka garini hadi wodini zilikuwa zilezile za jana. Mashine ilikuwa katikati ya chumba, uchi, taa ya kijani, inanguruma kwa sauti yake yote, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani amejiziba masikio kwa mto. Sista akasema usiku mtoto alilala vizuri.

Yule binti alikuwa ameketi palepale ukingoni, macho mekundu, mkono juu ya kitanda kidogo.

"Umechelewa," akamwambia Chiriku. "Nimeshaanza kuogopa."

Chiriku akaanza kushuka sakafuni. Binti akasogea, akampisha nafasi kitandani.

"Hata mimi," Chiriku akasema, akakaa.